Mdororo Mkuu na mashamba ya Marekani, 1929–1942: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu msaada wa serikali, mifugo na vibarua

Ukurasa huu unahusu namna dhiki ya miaka ya 1930 na fedha za serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt zilivyobadilisha kilimo, ufugaji na kazi za shambani Marekani. Vipimo ni vya huko: ratili moja ni karibu gramu 454, ekari ni karibu nusu hekta kasoro, busheli ya ngano ni kilo 27 na ya mahindi yaliyopukuchuliwa ni kilo 25.

## Mwanzo wa dhiki

1. Je, wakulima walianza kuumia 1929, soko la hisa lilipoanguka?

Hapana, walikuwa wameshaumia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Ulaya ilinunua ngano na nyama kwa bei kubwa. Wakulima wa Marekani wakakopa, wakanunua ardhi ikiwa juu, wakapasua nyanda kavu ambazo hazikuwahi kuguswa na plau. Bei ziliporomoka 1920 na 1921. Deni halikuporomoka nazo.

Baada ya 1929 mambo yakawa mabaya zaidi. Busheli ya ngano iliyouzwa kwa takriban dola 1 mwaka 1929 ilishuka hadi senti 38 mwaka 1932. Pamba ilitoka kama senti 17 kwa ratili hadi senti 6 hivi. Mahindi yalikuwa rahisi kiasi kwamba katika Iowa wapo walioyachoma jikoni badala ya makaa ya mawe. Kumbuka kwamba robo ya Wamarekani wote wakati huo, watu kama milioni 30, waliishi mashambani.

2. Kwa nini wakulima hawakupunguza tu mazao ili bei ipande?

Kwa sababu mkulima mmoja hawezi kuisogeza bei, lakini deni lake analilipa peke yake. Ikiwa rehani ni dola 300 kwa mwaka na bei imeshuka kwa nusu, njia pekee aliyonayo ni kulima mara mbili. Majirani zake wote wanafanya hivyo hivyo, bei inazidi kuanguka.

Serikali ya Rais Hoover ilijaribu kununua ziada. Bodi ya mashamba iliyoundwa 1929 ilipewa dola milioni 500, ikanunua ngano na pamba ikaziweka maghalani. Haikuwa na uwezo wa kumwambia mtu yeyote apunguze kulima. Maghala yakajaa, bei ikaendelea kushuka, na shehena ile yenyewe ikawa tishio, maana kila mnunuzi alijua siku moja itamwagwa sokoni. Waliokuja baada ya Hoover walijifunza hapo kwamba bila kudhibiti ekari, kununua ziada ni kazi bure.

3. Wakulima wenyewe walifanya nini kabla msaada haujafika?

Walizuia minada. Shamba likinadiwa kwa deni, majirani walifika kwa wingi, wakataja bei ya senti chache kwa ng'ombe, senti chache kwa plau, na mgeni aliyejaribu kupandisha dau alitazamwa kwa namna iliyomfanya anyamaze. Kisha mali yote ikarudishwa kwa mwenyewe. Katika 1932 chama cha Farmers' Holiday Association, chini ya Milo Reno wa Iowa, kilifunga barabara ili maziwa na nguruwe visifike mjini. Tarehe 27 Aprili 1933, huko Le Mars, Iowa, umati ulimtoa Jaji Charles C. Bradley mahakamani na kumtia kamba shingoni kwa sababu alikataa kuahidi kusimamisha hukumu za kufilisi. Aliachwa hai. Wiki mbili baadaye sheria mpya ya kilimo ilisainiwa, na hofu ya vurugu kama hizo ilikuwa na mchango wake.

## Mikataba ya kupunguza mazao

4. Sheria ya Marekebisho ya Kilimo ya 1933 ilifanya nini hasa?

Ilisainiwa tarehe 12 Mei 1933. Mkulima alilipwa ili asilime sehemu ya shamba lake. Mazao ya msingi yaliyotajwa mwanzoni yalikuwa saba: ngano, pamba, mahindi, nguruwe, mpunga, tumbaku na maziwa. Fedha zilitokana na kodi iliyotozwa kwa msindikaji wa kwanza: mwenye kinu cha unga, mwenye kiwanda cha nguo, mwenye machinjio. Kodi hiyo ndiyo iliyoiangusha sheria baadaye (swali la 9).

5. "Bei ya usawa" ilipigwaje hesabu?

Lengo lilikuwa kumrudishia mkulima uwezo wa kununua aliokuwa nao kati ya Agosti 1909 na Julai 1914. Kwa ngano, wastani wa kipindi hicho ulikuwa senti 88.4 kwa busheli. Kwa pamba, senti 12.4 kwa ratili. Ikiwa vitu anavyonunua mkulima, kama vile mbao, nguo na vifaa, vimepanda kwa asilimia 20 tangu hapo, bei ya usawa ya ngano ni 88.4 mara 1.2, yaani senti 106. Ngano ikiuzwa senti 70, pengo ni senti 36.

Kosa la kawaida ni kudhani serikali iliahidi kulipa pengo lote. Haikuahidi. Bei ya usawa ilikuwa shabaha, na kwa mazao mengi haikufikiwa katika miaka yote ya 1930.

6. Kwa nini pamba ilifukiwa na nguruwe kuuawa huku watu wana njaa?

Kwa sababu ya kalenda. Sheria ilipita Mei, pamba ikiwa imeshaota. Kusubiri kungeleta mavuno mengine makubwa juu ya akiba iliyokuwapo, hivyo wakulima walilipwa kati ya dola 7 na 20 kwa ekari, kulingana na mavuno yaliyotarajiwa, ili walime juu ya zao lililosimama. Kama ekari milioni 10 zilifukiwa, karibu robo ya pamba yote. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kwa namna ambayo afisa wa Washington hakuifikiria: nyumbu wa kukokota plau walikuwa wamezoeshwa maisha yao yote kupita katikati ya mistari bila kukanyaga mche, na wengi waligoma kupandishwa juu ya pamba.

Kwa nguruwe, serikali ilinunua Agosti na Septemba 1933 vitoto zaidi ya milioni 6 na majike yenye mimba zaidi ya laki mbili. Nyama iliyofaa ilitiwa chumvi na kugawiwa wasio na kazi. Vitoto vidogo sana havikuweza kupita kwenye mitambo ya machinjio iliyoundwa kwa nguruwe wakubwa, vikaishia kuwa mafuta na mbolea. Hasira ya umma ilikuwa ya haki. Ilizaa shirika la kugawa ziada kwa wenye njaa, Federal Surplus Relief Corporation, mwezi Oktoba mwaka huo huo.

7. Mkulima alijiungaje?

Alianza kwa afisa ugani wa kaunti. Alitaja ekari na mavuno yake ya miaka iliyopita, akionyesha stakabadhi za kinu au za ghala kama anazo. Kamati ya wakulima wa eneo lake ililinganisha madai hayo na takwimu za kaunti. Jumla ya madai ikizidi takwimu, kila mmoja alipunguziwa. Kisha alisaini mkataba, mpimaji akaja na mnyororo kupima ekari zilizoachwa, na hundi ikafuata.

Panapoharibika ni mahali pawili. Kwanza, mkulima asiye na kumbukumbu alipewa "msingi" mdogo, na msingi huo uliamua malipo yake miaka yote iliyofuata. Pili, kamati zilikuwa za wenye ardhi. Katika majimbo ya Kusini zilikuwa za wenye ardhi Weupe, na mpangaji Mweusi (mkulima wa ardhi ya kukodi) mwenye lalamiko alilipeleka kwa jirani na rafiki wa aliyemdhulumu.

Kwa pamba kulikuwa na nyongeza ya lazima: Sheria ya Bankhead ya 1934 ilimpa kila mkulima mgao wa ratili za kuchambua bila kodi. Pamba iliyozidi ilitozwa nusu ya bei ya soko, isipungue senti 5 kwa ratili. Vyeti vya msamaha viliweza kuuzwa, na mara nyingi vilishikwa na mwenye shamba.

8. Mkopo wa mahindi ulifanyaje kazi, na kwa nini unasifiwa?

Huu ndio ubunifu bora wa kipindi chote, kwa maoni yetu, na ndio uliodumu. Shirika la Commodity Credit Corporation liliundwa tarehe 17 Oktoba 1933. Mkulima wa Iowa aliweka mahindi ya magunzi kwenye kihenge chake mwenyewe, palepale shambani. Mkaguzi alipima urefu, upana na kimo, akagawa kwa futi za ujazo 2.5 kwa kila busheli, akaangalia unyevu na paa, akafunga kihenge kwa lakiri. Mkulima akapata senti 45 kwa busheli, riba asilimia 4.

Bei ikipanda juu ya senti 45 pamoja na riba, anauza, analipa, anabaki na faida. Ikibaki chini, anaiachia serikali mahindi na deni limekwisha. Mkopeshaji hawezi kugusa ng'ombe wala ardhi yake. Kwa hiyo senti 45 ikawa sakafu ya bei, wakati siku za nyuma mkulima alilazimika kuuza wiki ya mavuno, bei ikiwa chini kuliko wakati wowote wa mwaka. Kwa pamba kiwango kilikuwa senti 10 kwa ratili.

Udhaifu wake ni panya, uvundo, na sharti la kuwa na kihenge kizuri. Tena, asiye na zao lake mwenyewe hana cha kuweka rehani.

9. Nini kilitokea 1936?

Tarehe 6 Januari 1936 Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ilisema kodi ya wasindikaji na mikataba yake inakiuka katiba. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria nyingine: sasa mkulima alilipwa kwa kuhifadhi udongo, yaani kuhamisha ekari kutoka pamba, ngano na mahindi kwenda kwenye mikunde na majani, na fedha zikatoka hazina kuu. Mazao yaliyopunguzwa yalikuwa yale yale. Sheria ya pili ya kilimo, ya Februari 1938, ikarudisha migao ya mauzo na kuongeza bima ya mazao, ikianza na ngano.

## Ukame, ng'ombe na malisho

10. Serikali ilinunuaje ng'ombe wakati wa ukame wa 1934?

Wafugaji wa ranchi walikuwa wameomba ng'ombe wasitiwe kwenye sheria ya 1933. Hawakutaka mtu wa Washington ahesabu mifugo yao. Ukame uliwabadili. Sheria ya Jones-Connally ya Aprili 1934 iliingiza ng'ombe, na Juni ununuzi ukaanza katika kaunti zilizotangazwa za dharura.

Mfugaji alijiandikisha kwa afisa ugani. Siku iliyopangwa alileta ng'ombe zizini, wakakaguliwa na daktari wa mifugo na mthamini. Walioweza kusafiri walipakiwa kwenye treni kwenda viwanda vya nyama ya kopo au malisho ya majimbo yenye mvua. Walioshindwa kusimama walipigwa risasi na kuzikwa hapo hapo.

Malipo yalikuwa na sehemu mbili, na mgawanyo huu ndio wa kuutazama kwa makini. Kwa ng'ombe wa miaka miwili na zaidi, bei ya ununuzi ilikuwa dola 6 hadi 14, na juu yake malipo ya manufaa ya dola 6. Wa mwaka mmoja hadi miwili: dola 5 hadi 10, na manufaa dola 5. Ndama: dola 1 hadi 5, na manufaa dola 3. Mwenye rehani juu ya mifugo aliweza kudai sehemu ya kwanza tu. Sehemu ya pili ilikuwa ya mfugaji mwenyewe, benki isiiguse. Bila kipengele hicho fedha zote zingeishia benki, na familia zingebaki bila unga. Benki zilikubali kwa sababu ng'ombe aliyekufa kwa kiu hana thamani ya rehani.

Hadi mwanzoni mwa 1935 walinunuliwa ng'ombe zaidi ya milioni 8 kwa zaidi ya dola milioni 110, Texas ikiongoza. Wafugaji waliuza wazee na dhaifu, wakabakiza majike bora, hivyo mifugo iliyosalia ilikuwa na damu nzuri kuliko ile ya kabla ya ukame. Wachungaji wa kuajiriwa hawakuwa na fungu katika malipo hayo, na kundi likipungua kwa nusu, kazi zao nazo zilipungua.

11. Sheria ya Taylor ya malisho ilibadilisha nini?

Hadi 1934, nyanda kubwa za serikali huko Magharibi zilikuwa malisho ya yeyote aliyefika kwanza. Kila mchungaji alikimbilia majani kabla hayajakomaa, maana akingoja, mwenzake atayamaliza. Sheria ya tarehe 28 Juni 1934 iliweka wilaya za malisho, kwanza ekari milioni 80, zikapandishwa hadi milioni 142 mwaka 1936. Vibali vilitolewa kwa muda usiozidi miaka 10, na ada ya kwanza, 1936, ilikuwa senti 5 kwa ng'ombe kwa mwezi na senti 1 kwa kondoo au mbuzi.

Kipaumbele alipewa mwenye ardhi au maji yake karibu na malisho, aliyekwisha kuyatumia. Wenye kondoo wa kuhamahama wasio na ardhi, wengi wao wahamiaji wa Kibaski katika majimbo ya Nevada na Idaho, walifungiwa nje. Majani yalipata nafuu, lakini kwa kumwondoa asiye na hati.

12. Je, Wanavajo, wafugaji wa asili wa Kusini-Magharibi, walinufaika?

Waliumizwa. Kuanzia 1933, John Collier, mkuu wa ofisi ya serikali ya mambo ya Wahindi Wekundu, alisisitiza kondoo na mbuzi wapunguzwe kwa sababu mmomonyoko ulipeleka tope kwenye mto Colorado, ambako bwawa la Boulder lilikuwa likijengwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Utekelezaji ulikuwa mbaya. Punguzo la kwanza lilitozwa kwa asilimia sawa: mwenye kondoo elfu alitoa vikongwe, mwenye hamsini alitoa wazazi wa kundi. Mwaka 1934 zamu ikawa ya mbuzi, ambao ndio maziwa na nyama ya kila siku ya maskini, na ambao kwa desturi walikuwa mali ya wanawake, watu ambao maafisa hawakuwaita kwenye mazungumzo. Mahali ambapo reli ilikuwa mbali, mbuzi kwa maelfu waliuawa na kuachwa waoze.

Baadaye kila familia ilipewa kibali kwa "vizio vya kondoo": farasi alihesabiwa vizio 5, ng'ombe 4. Fidia ilikuwa ujira wa kazi za kuhifadhi udongo, ambao ulikoma miradi ilipokoma. Kundi lililouzwa halikurudi.

## Waliolima bila kumiliki

13. Kati ya mwenye shamba na mkulima wa kugawana mavuno, nani alipata hundi?

Tupige hesabu ya mkataba wa pamba wa 1934 na 1935. Chukua ekari 40 zenye wastani wa ratili 200 kwa ekari, na mwenye shamba anaachia asilimia 40, yaani ekari 16.

Kodi ya pango ambayo serikali ililipia ardhi iliyoachwa: senti 3.5 mara ratili 200 ni dola 7 kwa ekari. Mara 16 ni dola 112. Malipo ya usawa: senti 1 kwa ratili kwenye asilimia 40 ya mavuno ya msingi, yaani ratili 3,200, ni dola 32. Jumla ni dola 144.

Mkulima wa kugawana mavuno, yule asiye na nyumbu wala plau wala mbegu, alistahili nusu ya malipo ya usawa tu: dola 16. Mwenye shamba alichukua dola 128. Ni nane kwa moja, na hata hizo dola 16 mara nyingi zilikatwa kwenye deni la duka la shamba kabla hajaziona.

Mpangaji mwenye wanyama na vifaa vyake, anayejisimamia, alistahili nusu ya kodi hiyo ya pango pia. Mpangaji wa fedha taslimu alichukua zote. Kibarua wa mshahara hakupata chochote. Sasa tazama mwenye shamba anaona nini: akimshusha mpangaji kuwa mgawana mavuno, hundi yake inakua, akimfanya mgawana mavuno kuwa kibarua, anachukua yote. Hakuhitaji kuwa mtu mbaya ili afanye hivyo. Mkataba ulimlipa afanye.

14. Kufukuza wapangaji hakukukatazwa?

Kulikatazwa kwa lugha laini. Kifungu cha 7 cha mkataba kilimtaka mwenye shamba adumishe idadi ile ile ya wapangaji "kadiri iwezekanavyo", na awaache wakae nyumbani isipokuwa wakiwa wasumbufu. Nani msumbufu, mwenye shamba ndiye aliyeamua. Mapema 1935 wanasheria wa idara ya kilimo chini ya Jerome Frank walitoa tafsiri kwamba ni lazima wabaki watu wale wale, si idadi tu. Mkuu wa shirika la marekebisho ya kilimo, Chester Davis, aliwafukuza kazi Februari 1935 kwa idhini ya Waziri Henry Wallace. Wabunge wa Kusini walishika kamati muhimu, na serikali iliogopa kupoteza mpango mzima.

15. Wapangaji walijiteteaje?

Julai 1934, karibu na Tyronza, Arkansas, watu 18, Weupe 11 na Weusi 7, waliunda chama kimoja: Southern Tenant Farmers' Union. Kuweka rangi mbili katika chama kimoja mahali pale, wakati ule, kulihitaji ujasiri mkubwa. Wanachama walipigwa, nyumba zao zilifyatuliwa risasi, na mikutano ilivunjwa. Januari 1939 mchungaji Owen Whitfield aliongoza zaidi ya watu elfu moja waliofukuzwa kusini-mashariki mwa Missouri kupiga kambi kandokando ya barabara kuu za 60 na 61, theluji ikianguka, ili nchi iwaone. Nchi iliwaona, na polisi wa jimbo wakawaondoa.

Sheria ya wapangaji ya Julai 1937 ilitoa mikopo ya kununua mashamba kwa miaka 40, riba asilimia 3. Masharti yalikuwa mazuri, ila fedha zilitosha wachache tu kati ya waombaji.

16. Waliohamia California wote walitoka kwenye eneo la dhoruba za vumbi?

Hapana, na kosa hili hurudiwa sana. Dhoruba kubwa, ikiwemo ile ya Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935, zilipiga magharibi mwa Kansas na Oklahoma, mashariki mwa Colorado na kaskazini mwa Texas na New Mexico. Wengi waliokwenda California walitoka mashariki zaidi, kwenye mashamba ya pamba ya Oklahoma, Arkansas, Texas na Missouri. Kilichowang'oa ni bei, ukame na mkataba ulioelezwa katika swali la 13.

Huko walikuta ujira unashuka. Oktoba 1933 vibarua kama 18,000 wa pamba katika bonde la San Joaquin, wengi wao Wameksiko, walikuwa wamegoma: walitaka dola 1 kwa kila ratili 100, wakapewa senti 60, wakamaliza kwa senti 75 baada ya wenzao kuuawa kwa risasi. Serikali kuu ilijenga kambi za wahamiaji, mojawapo ya za kwanza ikiwa Arvin, zenye maji, vyoo, mahali pa kufulia na kamati iliyochaguliwa na wakazi. Wenye mashamba walizichukia kwa sababu mgomaji aliyelala kwenye ardhi ya serikali hawakuweza kumfukuza usiku.

17. Sheria za kazi za Roosevelt ziliwalinda vibarua wa shamba?

Hapana. Haki ya kuunda chama cha wafanyakazi (1935), pensheni ya uzeeni (1935) na kima cha chini cha mshahara (1938) vyote viliwaacha nje vibarua wa kilimo. Hao walikuwa kwa wingi Weusi wa Kusini na Wameksiko wa Kusini-Magharibi.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha ingewezekana. Sheria ya sukari ya 1934 na ile ya 1937 zilimruhusu waziri kumnyima ruzuku mkulima wa miwa au viazisukari aliyewatumia watoto au aliyelipa chini ya ujira uliopangwa. Sharti lilikaa ndani ya hundi yenyewe. Kwa pamba hakuna aliyelitia.

18. Kazi za umma zilipandisha ujira mashambani?

Kidogo, na pale tu zilipoachwa ziendelee. Vijana wa kambi za serikali za kuhifadhi misitu na udongo walipata dola 30 kwa mwezi, 25 zikienda nyumbani, kiasi ambacho kibarua wa Kusini hakukiona. Wenye mashamba walilalamika. Katika maeneo mengi miradi ya kazi za umma ilisimamishwa msimu wa kuchuma pamba, watu wakaondolewa kwenye orodha ya msaada, wakalazimika kuchuma kwa bei iliyokuwapo.

## Maswali magumu

19. Kilichowaondoa watu ni trekta au msaada?

Vyote, kwa mpangilio. Matrekta yalipanda kutoka chini kidogo ya milioni 1 mwaka 1930 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 1940. Trekta liliuzwa tangu zamani. Kilichokosekana ni fedha taslimu na ekari zilizounganishwa. Hundi ya serikali ilileta fedha, na kupunguza ekari kukaondoa haja ya familia kadhaa. Hata hivyo, kuchuma pamba kuliendelea kwa mikono hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, na ndiyo maana familia iliyofukuzwa Januari iliitwa tena Septemba kama vibarua wa siku.

20. Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo. Habari za vumbi la Marekani ziliwatia hofu maafisa wa kikoloni Kenya na Tanganyika, na mmomonyoko ukawa sababu ya kuingilia kilimo cha Waafrika. Mwaka 1938 serikali ya Kenya ililazimisha Wakamba kuuza ng'ombe, huku kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kikihitaji malighafi. Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ulisitishwa.

Linganisha na swali la 10: mfugaji wa Texas aliamua mwenyewe kujiandikisha, akajua bei, akalindwa dhidi ya benki. Mkamba aliona ng'ombe wake wakinadiwa kwa amri. Hali yake inafanana zaidi na ya Mnavajo.

21. Nini bado kinatumika Marekani?

Mkopo wa kuweka zao rehani, bima ya mazao, vibali vya malisho, na sheria ya 1938 ambayo bado ni msingi wa sheria za kilimo. Vibarua wa shamba waliingizwa kwenye pensheni kuanzia 1950, na kima cha chini cha mshahara kikawafikia baadhi yao 1966. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya 1935 haijawaingiza hadi leo. California iliwatungia ya kwake 1975.